Siku Asante Ilipopigwa Marufuku

Kuna watu ukiwapa embe watakushukuru kwa nyama, watakushukuru kwa kokwa, kisha mwaka unaofuata wakikuona njiani watavuka barabara kukushukuru kwa kivuli cha mti. Fundi lifti alikuwa mmoja wao, na yeye hakupewa embe. Alipewa figo.

Aliyempa ni dada yake wa tumbo moja, mwalimu wa udereva, mwanamke mwenye sauti ya kusimamisha lori. Wanafunzi humwita Mama Breki, kwa kuwa gari la mafunzo lina pedali ya breki upande wake pia, na pedali hiyo haijawahi kupata usingizi. Madaktari walipomwambia kwamba yeye na mdogo wake wanapatana damu, aliuliza ni lini, akaahirisha masomo, akafungasha nguo mbili na mswaki. Hakutoa hotuba. Hotuba zote alikuja kuzitoa mwenzake.

Mwaka ulipita na mwingine ukaingia, na fundi lifti bado alikuwa anashukuru. Alitundika picha ya dada yake sebuleni, kubwa kuliko ya baba na mama, na chini yake akaandikisha kwa rangi ya dhahabu: Kutoa ni moyo. Dada alipoiona mara ya kwanza aliuliza mazishi ni lini. Kila alipoingia, mdogo wake alisimama. Akikohoa, aliletewa maji. Akisema jambo, hata liwe uongo mtupu, alikubaliwa. Na hawa ni watu ambao utotoni waligombania upande wa kitanda, upande wa dirisha na upande wa mama, wakatukanana mpaka majirani wakajifunza maneno mapya. Fundi lifti hakujua kwamba kuna kitu anakiharibu. Alidhani anafanya wema.

Kilichojaza kikombe ni siku ya kuzaliwa ya fundi lifti mwenyewe. Alisimama na bilauri ya juisi, akazungumza mpaka wali ukapoa, akalia, akawaliza na watoto. Alipomaliza kufuta macho, kiti cha dada kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka kupitia mlango wa jikoni. Tangu hapo dada akawa mtu wa udhuru: leo mitihani ya wanafunzi, kesho klachi imekufa, keshokutwa mafua.

Mkewe ndiye aliyemfumbua macho. Huyu mama anakaa mapokezi katika kliniki ya meno, kwa hiyo amezoea kumtambua mtu anayetabasamu huku anautafuta mlango. Alimweleza mumewe bila kuzunguka kwamba wifi yake amekubali kuja siku moja tu, kwenye boti ya mumewe, kwa sababu hajawahi kupanda chombo chenye tanga na angependa kujua kinaendaje bila injini kunguruma.

"Lakini ametoa sharti," akasema. "Akisikia asante hata moja, basi. Hatakuja tena hapa, wala wewe usiende kwake. Na hatanii, baba. Alikuwa analia."

Fundi lifti hakulala vizuri. Wazazi walikwishatangulia, na mama yao alizaa wawili tu. Akimpoteza huyu, hana mwingine duniani wa kumwita dada. Akaapa kwamba siku hiyo atautia mdomo wake kufuli.

Na kweli mdomo aliutia kufuli. Ila mikono aliisahau.

Boti yenyewe ni yoti ndogo kuukuu, ya matanga mawili, yenye kijumba cha kulala watu wawili wanaopendana sana au mmoja anayejipenda. Aliinunua kabla ya ugonjwa kwa mzee mmoja mstaafu ambaye magoti yalimgomea. Kwa mtu wa lifti, boti ya tanga haikuwa na maajabu: kamba, kapi na uzito, kazi ni ileile, tofauti ni kwamba lifti hailowi. Alipougua, boti ililala nchi kavu chini ya turubai, na yeye akalala kwenye kiti cha hospitali, damu ikitoka kwa mpira mmoja na kurudi kwa mwingine, akiiwazia. Sasa alikuwa ameirudisha majini, na asubuhi hiyo aliijaza vitu. Mito mitatu ya kochi. Mwavuli. Blanketi, ingawa jua lilikuwa linachoma. Chupa ya chai, mayai ya kuchemsha, mkate, machungwa yaliyokwisha kumenywa. Glovu za kulinda mikono ya dada, tangawizi ya kulinda tumbo la dada, na ndoo yenye kifuniko endapo tangawizi itashindwa.

Dada alifika gatini na viatu vya raba na kofia, akachungulia ndani ya boti.

"Nani anahamia?" akauliza.

Mdogo wake akacheka kidogo, akamshika mkono wa kumpandisha kama anayepokea sanduku la vioo. Dada akasema yeye ana miguu. Akaomba apewe kamba ya kushika, kazi yoyote, hata ya kumwaga maji. Fundi lifti akamwambia apumzike tu, yeye leo ni mgeni. Basi mwanamke ambaye kwa miaka mingi hajakaa ndani ya chombo chochote bila breki chini ya mguu wake, akaketishwa juu ya mito mitatu chini ya mwavuli, kama bibi harusi anayesubiri kupigwa picha.

Walichelewa kuondoka, kwa sababu chai ya dada ilikuwa ya moto na fundi lifti hakutaka boti itikisike kabla haijapoa. Walipoondoka, alikunja nusu ya tanga kubwa ili upepo usiiinamishe boti, maana boti ya tanga ikishiba upepo hulala ubavu kidogo, na hiyo ndiyo raha yake, lakini yeye alitaka dada akae wima kama yuko sebuleni. Wakawa wanajikokota. Ukanda wa pwani ukapita polepole upande wao wa kushoto: maghala ya mabati, tangi la maji, shule yenye watoto uwanjani, hoteli iliyokuwa inapakwa rangi na mafundi wakining'inia kwenye kuta zake. Maji yalikuwa ya kijani, yanaonyesha mchanga chini.

Fundi lifti alifungua chupa yake ya maji, akanywa mpaka ikalia. Kuna wakati aliruhusiwa kikombe kimoja kwa siku nzima, akawa anakinywa kwa kijiko. Sasa alikuwa na bahari mbele, upepo shingoni, chupa mkononi, na dada yake amekaa pale, hai, anakunja uso kwa ajili ya jua. Furaha ilimpanda. Neno likaja lenyewe. Akafumbua mdomo.

"A—" akaanza. "Aah, upepo mzuri."

Dada akamgeukia polepole. "Ulitaka kusema nini?"

"Upepo. Ni mzuri."

"Haya," akasema dada, na akaendelea kumwangalia kwa jicho la mtu aliyeona mwanafunzi anakaribia taa nyekundu.

Mbele kidogo kulikuwa na fungu la mchanga, na kulipita fungu lile kuna njia mbili. Njia ya kila siku ni ya nje, unalizunguka boya jekundu, ambako mawimbi ya bahari kuu hukupandisha na kukushusha. Njia ya ndani ni mfereji kati ya fungu na nchi kavu. Huko maji yametulia kama ya beseni, ila hupitika wakati yamejaa tu. Fundi lifti alijua kwamba maji yameanza kupwa. Alikuwa amepiga hesabu, na hesabu ilikuwa sawa kabisa kwa boti iliyoondoka mapema ikiwa na tanga zima. Lakini alimtazama dada, akaitazama ndoo yenye kifuniko, akakata usukani kuingia ndani.

Mwenda pole hajikwai, ndivyo tunavyoambiwa. Huyu alijikwaa kwa huo upole wake. Katikati ya mfereji boti ilitoa sauti kama mtu anayesugua sufuria, ikapunguza mwendo, ikasimama. Mkuku wake, ule uti wa mgongo ulio chini ya maji, ulikuwa umeketi mchangani. Fundi lifti aliwasha injini ndogo ya nyuma, ikatapika matope. Akashika upondo, akasukuma mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Maji yakaendelea na safari yao ya kuondoka, hayakumsubiri mtu. Akampigia simu mlinzi wa gati. Mlinzi aliuliza kama kuna aliyeumia, akaambiwa hakuna. Akauliza wako wapi, akatajiwa. Akacheka mpaka akakohoa, akawashauri wanywe chai, maji yatarudi alasiri.

Kisha boti ikaanza kulala. Ilikwenda taratibu, bila adabu, ikilalia ubavu mmoja. Mto wa kwanza ukateleza, ukafuata wa pili. Ndoo ikabingirika. Mwavuli ukajifunga wenyewe. Yai moja likapita mbele yao kama lina miadi mahali. Mwisho mwalimu wa udereva mwenyewe akaporomoka juu ya mto wake wa tatu, akamfikia mdogo wake kifuani na kumgonga kidevu kwa kofia. Mtu aliyekataa boti iinamishwe na upepo hata kidogo, sasa alikuwa amelaliwa nayo nzima.

Dada alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu upande ule wenye kovu. Fundi lifti hakuweza kucheka. Alikuwa ameanza kuomba radhi na hakujua pa kusimamia: radhi kwa mchanga, radhi kwa jua, radhi kwa yai. Maji yalipokwisha kabisa alishuka kwanza, akavua koti lake, akalitandika juu ya mchanga mbichi ili dada asiloe akikaa.

Kicheko cha dada kikakatika. Aliliangalia koti, akaliokota, akalikung'uta, akamrudishia.

"Vaa," akasema. "Vaa nguo yako, mdogo wangu, unaniumiza."

"Dada, sijasema kitu. Tangu asubuhi sijalisema hilo neno."

"Hujalisema? Umeliimba. Mito mitatu! Unanimenyea machungwa, mimi sina kucha? Umepita huku kwa nini, kama si kunibembeleza? Wazee walisema shukrani ya punda ni mateke. Afadhali ningempa punda hilo figo, leo ningekuwa napigwa mateke yangu kwa raha."

Fundi lifti alisimama na koti mkononi. Dada akakaa mchangani, suruali ikaloa, wala hakujali. Alipozungumza tena, sauti ya kusimamisha lori ilikuwa imeshuka.

"Sikiliza. Mama amekufa, baba amekufa. Nani mwingine aliyebaki anayenijua nikiwa kibogoyo wa meno ya mbele? Nani anayeweza kuniambia mimi ni mwongo nikiwa naongopa? Kule kazini wananiogopa. Nyumbani kwangu niko peke yangu. Nilikuwa na mtu mmoja wa kunitukana, akaugua, nikaogopa kama sijawahi kuogopa. Nikasema chukueni, lipo la pili. Nilifanya vile ili abaki." Akachota mchanga, akaumwaga. "Figo langu najua liko wapi. Kaka yangu ndiye nisiyejua alipo."

Kaa mdogo alitoka shimoni, akawaangalia, akabadili mawazo. Fundi lifti alikaa chini, si karibu sana. Alitaka kusema kwamba ameelewa, lakini alihofia kwamba hata hilo litatoka kama hotuba. Simu yake ikalia mfukoni. Ilikuwa saa ya dawa. Akatoa vidonge, vile anavyomeza kila siku ili mwili wake usilifukuze figo la mtu mwingine, akavimeza kwa maji, na dada akamtazama koo likipanda na kushuka.

"Bado linabishana huko ndani?" dada akauliza.

"Kila siku."

"Daktari anasemaje?"

Fundi lifti aliangalia mchanga. Aliona mlango mdogo umefunguliwa, na aliogopa, maana asiyecheza muda mrefu husahau hata mchezo. Akajitosa.

"Daktari anasema ni la mtu mkorofi," akajibu. "Amenipa pole."

Dada hakucheka. Alikaa sawasawa, kama aliyesikia mtu anabisha hodi mbali na hataki kupiga kelele asije akaikosa. Fundi lifti akaendelea, na sasa alikuwa anasema ukweli ambao hajamwambia hata mkewe.

"Nilikaa miaka mitatu sikojoi, dada. Unajua hilo? Mtu mzima, choo kimekuwa pambo. Siku ile wodini lilipoanza kufanya kazi, nililia mbele ya nesi. Na mpaka leo, kila asubuhi nikisimama pale nikasikia maji yanaanguka, nakukumbuka wewe. Si kanisani, si msikitini, si kwenye ile picha. Chooni. Wewe ndiye mtu ninayemkumbuka chooni."

Mwalimu wa udereva alijaribu kujizuia, akashindwa. Alianguka chali mchangani, kofia ikamtoka, akacheka kwa sauti iliyowarusha ndege wa fungu zima. Alijaribu kusema, akasema "chooni", akacheka tena. Alipoketi, machozi yalikuwa yamechora mistari kwenye vumbi la uso wake.

"Hiyo," akasema, "hiyo naipokea. Ndiyo ya kwanza iliyonifikia."

Walikula mayai na mkate wakiwa wameegemea tumbo la boti, upande wa kivuli. Lilipobaki yai moja, fundi lifti alilitazama, akamtazama dada, akalitia mdomoni zima. Dada aliangalia mashavu yake yaliyovimba akaona jambo zuri sana. Walizungumza habari za mama yao, jinsi alivyokuwa akiwaita wote wawili kwa jina moja akiwa na hasira, na wakabishana ni jina la nani. Hawakuafikiana. Jua lilisogea, na fundi lifti akashukuru moyoni, bila mdomo, kwa mchanga uliomshika mguu. Kama angepita nje ya boya siku hiyo, angemrudisha dada gatini akiwa mkavu, wima, na amempoteza.

Kabla maji hayajarudi alibeba nanga akaitembeza kwa miguu mpaka upande wa kina, akaifukia, na kamba yake akairudisha botini. Mpango ulikuwa rahisi: maji yakiinua boti, dada awe juu anavuta kamba, yeye awe majini anasukuma, na boti itageuza pua kuifuata nanga. Hakumpa glovu, na dada hakuziulizia. Maji yalikuja kimyakimya, yakafika kwenye vifundo vya miguu, magotini, kiunoni. Boti ikajiinua kama mzee anayetoka kitini. Hapo ndipo kila kitu kilipotakiwa kwa wakati mmoja.

"Vuta!" akasema fundi lifti.

Dada akavuta kwa nguvu zake zote, kamba siyo. Tanga la mbele likafunguka, likakamata upepo, likaanza kuirudisha boti palepale ilipotoka.

"Siyo hiyo! Ya kulia! Ya mkono wa kulia!" Boti ilikuwa inamsukuma kifua, miguu inateleza. "We mwanamke kichwa kigumu tangu kuzaliwa! Unafundisha watu udereva, mkono wa kulia huujui?"

Dada akasimama na kamba mkononi. Fundi lifti, maji yakimfika kifuani, alisikia alichokisema akaacha kusukuma. Lakini dada alikuwa ameinama juu yake, macho yanang'aa.

"Kulia kwako au kwangu, we Kijiti? Si umenigeukia? Kulia kwako ni kushoto kwangu! Somo la kwanza hilo, hata wanaofeli wanalijua!"

Kijiti. Hakuitwa hivyo tangu alipougua. Alikuwa mwembamba utotoni, kisha ugonjwa ukamfanya mwembamba kweli, na dada akaliacha jina kwa huruma. Likatua juu yake sasa na akalipenda kama nguo kavu. Akamjibu kwamba mwenye boti ndiye mwenye kulia. Dada akamjibu neno ambalo mama yao angemfinyia. Akaivuta kamba ya nanga, ile yenyewe, na boti ikageuka, ikasugua mchanga kwa mara ya mwisho, ikaelea.

Kurudi walipita nje. Fundi lifti alikunjua tanga zima, upepo ukalijaza, boti ikalala ubavu na kukata maji kwa mlio. Alimwachia dada usukani. Mwalimu wa udereva aliushika kwa mikono miwili, akaitolea boti ya injini iliyopita karibu maneno makali kuhusu kutoonyesha ishara. Walipofika boya jekundu, mawimbi ya bahari kuu yakawainua, yakawashusha, na rangi ya uso wake ikaanza kuhama.

"Najisikia vibaya," akasema.

"Tapika upande ule. Huku upepo utakurudishia, na boti nimeiosha jana."

Akatapika upande ule, akajifuta kwa mkono wa nguo, akarudi kwenye usukani bila kumwachia. Hakuna aliyempa pole mwenzake.

Mke wa fundi lifti alikuwa amesimama ukingoni mwa gati, mtandio wake ameukunja na kuukunjua mpaka umechoka. Mlinzi alikuwa amemweleza yote. Aliwatazama wanavyokaribia: mumewe amelowa mpaka nywele, wifi yake ana tope mgongoni na kofia hana, wote wawili hawacheki. Akajua mambo yameharibika. Dada alishuka wa kwanza, peke yake, akamfuata moja kwa moja.

"Wifi," akasema. "Mumeo ameniita kichwa kigumu. Mbele ya samaki. Amesema mkono wa kulia siujui. Amekula yai la mwisho."

Mkewe akamtupia mumewe macho ya kuua. Akafungua mdomo kuomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima, lakini wifi yake alikuwa amemwekea kichwa begani na mabega yanamtikisika, na ilimchukua muda kujua kwamba si hasira.

"Siku ile ulinipigia simu," dada akasema hapo begani, "ukaniambia wamemtoa hospitali, kaka amerudi. Nilikuwa nasubiri tangu siku ile. Wifi, amerudi leo."

Fundi lifti alisikia. Alikuwa ameinama anafunga kamba ya boti kwenye nguzo ya gati, na macho yakamjaa asione hata vidole vyake. Neno lilimpanda kutoka mahali pa chini kabisa, pale ubavuni, likafika kwenye meno. Akayabana meno.

"We Kijiti!" dada akamwita, hajafuta hata machozi. "Unafunga nini hapo? Boti yako ile inaondoka!"

Akageuka. Kweli, boti ilikuwa imejitenga na gati hatua kadhaa, inakwenda zake taratibu, na yeye, fundi wa kamba maisha yake yote, alikuwa ameizungushia nguzo kamba isiyoshika kitu. Akaruka majini na viatu vyake, na nyuma yake akawasikia wanawake wawili wanamcheka kwa sauti moja.